Siku Niliyokataa Kumpoza Ema

Majuzi nilipita Igogo kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta nyumba tuliyokuwa tumepanga na Shangazi imebomolewa. Limebaki jiwe tu. Anayeijua Mwanza anajua ni jiwe la namna gani: kubwa kuliko nyumba yenyewe, la kijivu, limekaa pale mlimani kama mtu aliyeambiwa asubiri. Ilikuwa jioni, jua limeshazama ng'ambo ya ziwa. Nikaweka kiganja juu yake. Lilikuwa bado la moto. Nikasimama hivyo, watu wakipita wananishangaa, na kwa muda nikawa tena na miaka tisa.

Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba upande wa Sengerema. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka ile miaka. Mitumba ilijaa hadi vijijini, sabuni za kila rangi zikarudi madukani, na wakati huohuo baba zetu wakaanza kurudi nyumbani saa nne asubuhi wakiwa wamebeba vikombe vyao vya chai vya kazini. Baba naye alirudi hivyo. Watu wakasema amepunguzwa. Nilimzunguka siku nzima nikimtazama mikono na miguu, nione amepunguzwa wapi.

Mama alikufa mvua za mwaka uleule. Alishikwa na homa, na siku ya pili Bibi, mama yake baba, akanipa bakuli la maji ya mtungini na kipande cha kanga. "Mpoze mama yako," akaniambia. Nilikuwa mtoto mtiifu sana. Nilichovya, nikakamua, nikamwekea kwenye paji la uso, na kitambaa kilipopata joto nikachovya tena. Kilikuwa kinapata joto upesi, kama kimefunika chungu. Siku ya nne mchana, watu wazima wakiwa nje wanahangaika kutafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali, niliweka mkono nikakuta paji la uso limekuwa la baridi. Furaha niliyoipata sijawahi kuisimulia vizuri. Nilitoka mbio hadi uani.

"Bibi, nimempoza! Mama amepoa!"

Bibi aliingia ndani, akamgusa uso, akamgusa nyayo, kisha akapiga yowe. Baadaye wanawake waliokaa kwenye jamvi walikuwa wakiambiana kwa sauti ya chini, "Tulipofika alikuwa ameshapoa." Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyezungumza nami kabisa, walinipa uji na kunisogeza pembeni. Hesabu nikaipiga mwenyewe. Bibi alinituma kumpoza, mimi nikapitiliza.

Hilo sikumwambia mtu. Nililibeba wakati Baba aliponishika mkono tukavuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo, na nililibeba tukipanda mlima wa Igogo kwenda kwa dada yake. Baba alilala siku moja tu. Alikuwa anaelekea Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, kama wanaume wengi waliopunguzwa. "Nitakuja kukuchukua nikishapata pa kukaa," akasema. Aliposhuka kilima nilimhesabia hatua hadi zilipoishia nyuma ya jiwe.

Shangazi alikuwa mwembamba, mpole, asiye na maneno mengi. Alikuwa na mtoto mmoja, Emanueli, tuliyemwita Ema, wa miezi kumi. Baba yake Ema hakuwepo, na jina lake halikutajwa ndani ya chumba kile. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, bati juu, bila dari. Kuta zilikuwa tatu tu. Ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe, aliyejenga aliona uvivu kujenga ukuta mahali ambapo Mungu alishaweka mmoja.

Shangazi alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Viwanda hivyo vilikuwa bado vipya mjini. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tulibaki na vichwa na mifupa, mapanki, yanayokaangwa kwenye mafuta hadi yanalia. Aliondoka asubuhi mapema na buti zake nyeupe za mpira ndani ya mfuko, akarudi jioni. Kutwa nzima mikono yake ilikuwa kwenye samaki waliolala katika barafu.

Jioni ile ya kwanza baada ya Baba kuondoka, Shangazi alirudi kutoka kazini akanikuta nimesimama mlangoni. Aliweka mfuko chini, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umefanana na mama yako mpaka inauma."

Mikono ilikuwa ya baridi. Siyo baridi ya mtu aliyetoka kunawa. Ilikuwa ileile baridi niliyoikuta kwenye paji la uso wa Mama, iliyoingia ndani na kukaa. Nilichomoa uso wangu kama nimeungua. Shangazi alibaki na mikono hewani. Kisha akaisogeza puani, akainusa.

"Ni samaki," akasema taratibu. "Haitoki hii. Hata nikisugua kwa ndimu haitoki."

Kuanzia siku ile alianza kunawa nje, kwenye ndoo, kwa sabuni na ndimu, muda mrefu, kabla hajaingia. Nilimwona kupitia mlangoni. Lakini maji ya ndoo hayakuirudishia mikono ile joto, na kila aliponigusa bega au alipotaka kunisuka nilijikunyata. Niliamini kifo kilikuwa kimeanzia vidoleni mwake na kinapanda polepole, na kwamba siku moja kitafika kifuani. Yeye aliamini namwonea kinyaa. Baada ya wiki kama mbili akaacha kunigusa. Alikuwa ananipa sahani kwa kuisukuma juu ya meza. Nywele zangu nilichana mwenyewe, vibaya.

Mtu niliyekuwa naye ni Ema. Ema alikuwa wa moto kama mkate uliotoka kuokwa. Nilimbeba mgongoni kutwa nzima na joto lake likanipitia hadi tumboni, na nililala nimemkumbatia. Shule nilikuwa bado sijaanza, barua yangu ya uhamisho ilikuwa haijatoka kijijini. Mwanamke aliyekuwa akimlea Ema mchana alikuwa amehama mtaa. Basi Shangazi alituacha sisi wawili ndani na kufunga kufuli kwa nje, maana chini kuna ziwa na juu kuna mawe, na yeye aliviogopa vyote. Dirishani kulikuwa na nondo. Hata hivyo alisema tusiliache wazi kwa sababu ya wezi wanaovua nguo kwa mti mrefu wenye ndoana. "Na usiongee na watu dirishani, Kabula. Watajua mko peke yenu."

Kwa hiyo nilikaa. Asubuhi nilisikia watoto wa shule wakipita, viatu vyao vikigonga mawe, kisha kimya, kisha mchana wakirudi wakigombana. Nilijifunza kuzitambua sauti zao na nikawapa majina. Kulikuwa na mmoja niliyemwita Neema, aliyekuwa na kikohozi, na siku asipopita nilihuzunika kama amenikosea. Mchana nilizungumza na Ema ambaye hajui maneno. Ikifika alasiri, jiwe la ukutani lilianza kutoa joto lake, nami niliegemeza mgongo pale, nikafumba macho. Lilikuwa kama mtu mkubwa amekaa nyuma yangu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya zile siku za joto kabla ya mvua za vuli, ziwa linapotulia kama mafuta na hata kunguru wanakaa na midomo wazi. Asubuhi tu bati lilikuwa linalia, ta, ta, ta, linavyotanuka. Ema alilia sana. Alikuwa ametota jasho, nywele zimemganda, na mimi nikaona huruma nikaliachia dirisha wazi kidogo. Upepo ukaingia. Alinyamaza karibu palepale. Nikamshika mgongo nikimbembeleza, nikakuta mgongo umepoa.

Sasa mtu mzima anajua kilichotokea. Jasho lilipopata upepo lilianza kukauka, likaondoka na joto, mtoto akapata nafuu. Mwili wake ulikuwa unafanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini mimi nilimgusa tena mgongoni, nikamgusa miguu kama nilivyomwona Bibi akifanya, na miguu nayo ilikuwa ya baridi. Nilifunga dirisha kwa nguvu mpaka mbao ikapasuka. Nilimvalisha sweta lake la sufu, nikamvalisha soksi, nikamviringisha kwenye blanketi la Shangazi, nikakaa naye kando ya jiwe, nimemkumbatia. Alipiga kelele na kujitupa. Sikumwachia. Nilimwimbia. Joto likaanza kurudi kwenye shingo yake, nikamshukuru Mungu.

Sijui ilipita saa moja au mbili. Najua kwamba alichoka kulia. Jasho likakauka, na ngozi yake ikawa kavu kama karatasi, ya moto sana, na nilifikiri: hapa sasa tumepona. Nilimpa maji kwa kikombe, yakamwagika pembeni mwa mdomo. Macho yalikuwa nusu wazi. Nikamwita, Ema, Ema. Shingo ikalala upande. Nikamtekenya nyayo ndani ya soksi, mahali ambapo siku zote alicheka, na hakuukunja mguu.

Chini kidogo ya nyumba yetu kulikuwa na mama wa Kijita kutoka upande wa Mara aliyekaanga mapanki mbele ya mlango wake. Aliitwa Mama Magesa. Nilikuwa sijawahi kusema naye. Alikuwa na sauti kubwa iliyogeuza 'lete' kuwa 'rete' akihamaki, alimfokea kila mtu, wateja kwa paka, na nilimwogopa. Nikafungua dirisha.

"Mama Magesa!" Sauti haikutoka vizuri. "Mama Magesa, shikamoo!"

"Marahaba! Nani huyo ananisalimia angani?"

"Ni mimi. Ema haamki."

Alipanda upesi kuliko nilivyodhani mtu mnene anaweza. Alitazama mlango, akaliona kufuli, akasema neno la Kijita, kisha akaja dirishani.

"Mlete. Msogeze hapa."

Aliingiza mkono kati ya nondo, akamgusa Ema shingoni, na uso wake ukabadilika.

"Yesu wangu, mtoto anaungua huyu! Na sweta la nini jua hili? Mvue. Mvue vyote. Maji unayo humo ndani?"

"Ninayo."

"Haya, rete bakuli na kitambaa. Umshike hapahapa dirishani, mimi nimpanguse. Haraka!"

"Hapana."

"Unasema?"

"Akipoa atakufa."

"Nani amekwambia ujinga huo? Mtoto wewe, nisikilize. Rete maji!"

Nilirudi nyuma na Ema. Nilirudi hatua moja baada ya nyingine hadi mgongo wangu ukagonga jiwe, nikabana pale, nimemfunika kwa mikono yote miwili. Mama Magesa alikuwa ameingiza mkono wake wote ndani ya chumba, hadi begani, vidole vimetanuka, na havikunifikia. Nauona mkono ule hadi leo, wenye makovu ya mafuta ya moto.

Hakunifokea tena. Aligeuka akafokea mtaa mzima. "Fundi! Fundi, njoo na nyundo! Njoo sasa hivi!" Jirani mmoja alikuwa anajengewa, na mwashi wake akaja mbio. Kufuli lilichukua mapigo manne. Mama Magesa aliingia, akaninyang'anya Ema kama mtu anavyochukua chungu motoni, akashuka naye.

Palikuwa na ujia kati ya nyumba yake na mwamba mwingine, mahali ambapo jua halifiki na upepo wa ziwani unapita hata siku ya joto. Alimlaza Ema pale juu ya kanga, uchi kabisa. Akachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akaanza kumpangusa shingo, makwapa, tumbo, mapaja, huku akimwambia fundi ampepee kwa ungo. Mama mmoja wa jirani alileta pakiti za barafu alizokuwa akiuza. "Barafu ya nini? Ashtuke?" alisema Mama Magesa bila kuinua macho. "Maji haya yanatosha. Upepo ndio unaofanya kazi. Pepea, fundi."

Mimi nilikuwa napiga kelele. Nilipiga kelele wamwache, wamfunike, na yule mama wa barafu akanishika kiuno nisimfikie.

"Mwachie," akasema Mama Magesa. "Mwachie aje."

Alinishika mkono, akauweka kifuani kwa Ema. "Wa moto?"

"Ndiyo."

"Anapumua?"

Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka upesiupesi chini ya kiganja changu. "Ndiyo."

"Usiutoe mkono. Utaniambia wewe."

Alichovya, akapangusa, ungo ukapepea. Mkono wangu ulikuwa palepale. Kila baada ya muda aliniuliza, "Sasa?" na mimi nikajibu, "Bado." Sikujua kama natakiwa kuombea apoe au asipoe. Halafu nikahisi ngozi inalegea, sijui niseme vipi, kama ardhi mvua inapoikuta. "Amepungua kidogo," nikasema. Na Ema akakunja mguu. Akakunja uso. Akatoa kilio kidogo, chembamba, cha hasira.

"Lia, baba, lia," Mama Magesa akamwambia. "Lia hadi wazungu wa sangara kule Ulaya wakusikie."

Alimpa maji ya kuchemshwa yenye sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, na Ema akameza. Mama Magesa alichukua mkono wangu wa kulia, akaupaka maji, akaupuliza.

"Unasikiaje?"

"Baridi."

Akaupuliza wa kushoto, uliokuwa mkavu. "Na huu?"

"Si sana."

"Pumzi ni moja. Maji yakikauka yanaondoka na joto, basi. Ndiyo maana Mungu ametupa jasho. Sasa mkono wako umepoa. Umekufa?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unalia nini?"

Nikasema. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu wa kukaanga samaki ambaye nilimwogopa, mbele ya fundi na ungo wake. "Mama nilimpoza mimi," nikasema. "Bibi alinituma. Nikampoza mpaka akafa."

Fundi akasimamisha ungo. Mama Magesa akamwonyesha kwa kidole aendelee. Alimpa Ema kijiko kingine, akamfuta mdomo.

"Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Shangazi yako?"

"Hapana."

Mafuta yake yalikuwa yanaungua jikoni na hakuyajali.

"Mimi nilizaa watoto wawili," akasema. "Magesa alipata homa mdogo kama huyu. Nilimpoza siku tatu. Sasa yuko Musoma anavua dagaa, ana mke mkorofi. Mdogo wake naye alipata homa. Nilimpoza vilevile, mkono huuhuu, maji ya mtungi uleule. Yeye hayupo. Maji ni maji, mwanangu. Yanampa mtu nafuu. Homa ndiyo iliyomchukua mama yako. Wewe ulikuwa unampa nafuu."

Sikulia pale. Nilimwangalia Ema akimeza.

Shangazi alirudi akakuta kufuli liko chini na chumba kitupu. Tulisikia buti zikianguka. Alishuka kwa kuteleza juu ya mawe, akiita jina la Ema, halafu jina langu, Kabula, Kabula, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Yeye na Mama Magesa walimpeleka Ema zahanati. Mganga alisema joto lilimzidi, lakini waliwahi kumpoza. Mimi nilirudi chumbani nikakaa nje, kwenye kizingiti, nikingoja kurudishwa kwa Baba.

Waliporudi, Ema akiwa amelala begani kwa Mama Magesa, Shangazi hakuingia ndani. Alisimama mbali kidogo nami. Mikono alikuwa ameificha makwapani.

"Mama Magesa ameniambia yote," akasema. "Ya mama yako."

Nikainamisha kichwa.

"Kwa hiyo mimi, nikikugusa..." Akaibana mikono zaidi. "Mimi nilidhani ni harufu ya samaki."

"Siyo samaki, Shangazi. Ni baridi."

Alicheka, au ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipoona machozi. Kisha alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alikwenda kwenye jiwe, upande uliopigwa na jua la jioni, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Alisimama vile muda mrefu, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Akavigeuza, akaweka upande wa pili. Halafu akaja, akapiga magoti mbele yangu, akanishika uso. Mikono ilikuwa ya moto na mikavu, na ilinuka samaki, na ndimu, na vumbi la jiwe. Nilikaa bila kusogea. Nikaacha uso wangu pale.

Hatukufungiwa tena. Ema alishinda kwa Mama Magesa, na barua ya uhamisho ilipofika nikaanza shule. Yule niliyemwita Neema alikuwa anaitwa jina jingine kabisa na hakutaka urafiki na mtoto wa ng'ambo. Baba hakuja. Alituma salamu mara mbili kwa watu waliotoka Geita, mara ya tatu hatukusikia kitu, na hadi leo hatujasikia. Upweke haukwisha kwa siku moja kama watu wanavyopenda kusimulia. Lakini jioni nilisukwa nywele.

Mvua zilipokwisha, Shangazi alishikwa na malaria. Alirudi kutoka kazini mchana, akajilaza kitandani na nguo zake za kazi. Alikuwa amemeza klorokwini na mwili wote ulikuwa unamwasha. Kwanza alitetemeka hadi meno yakagongana, akisema anasikia baridi, wakati nikimgusa anaunguza. Hilo lilinichanganya sana, mtu kusikia baridi huku ngozi yake ni moto. Nilimfunika kanga mbili, nikangoja. Kutetemeka kulipokwisha akaitupa kanga pembeni.

"Kabula," akasema. "Chukua maji, unipoze."

Nilisimama palepale. "Nimwite Mama Magesa?"

"Mama Magesa ana wateja. Nakutaka wewe."

Nilikwenda mtungini. Nilichovya kitambaa, nikakamua, nikamwekea shingoni, nikampangusa mikono na miguu, nikampepea kwa daftari langu la hesabu. Nilifungua dirisha. Kitambaa kilikuwa kinapata joto upesi, na mimi nilikijua kitambaa kile, nilimjua mtoto aliyekaa kando ya kitanda kile. Mara mbili nilitaka kukimbia. Nje watoto walikuwa wanacheza mdako. Shangazi alifumba macho na kunyamaza. Nikaendelea.

Kisha, alasiri, nilimwekea mkono kwenye paji la uso, nikakuta limekuwa la baridi.

Lilikuwa la baridi na limelowa. Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, na nilijua ni hatua ngapi hadi kwa Mama Magesa. Sikutoka. Niliuacha mkono palepale nikautazama mdomo wake, kisha kifua, na kwa muda sikuona kitu kwa sababu ya machozi. Nikajifuta. Kifua kikapanda. Kikashuka. Jasho lilikuwa linamtiririka kila mahali, shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko, limelowesha hadi shuka, nami nilibaki nikihesabu pumzi zake moja baada ya nyingine, na nilipofika hamsini na kitu alifungua jicho moja.

"Mbona umenikodolea macho hivyo?" akaniuliza.

Nikachukua kitambaa, nikamfuta jasho shingoni.

"Nina njaa," akasema. "Kuna nini cha kula?"

Nikamwambia kuna viazi. Akasema viazi vitafaa. Nikainuka kwenda kuwasha jiko. Kijiti cha kwanza cha kiberiti kikazimika, na cha pili kikavunjika. Cha tatu kikashika.